Kutoka milima ya Ronge hadi baharini: Ukweli kuhusu kozi za bahari kabla hujajaza fomu

Tuseme kwenu ni Ronge. KCSE umemaliza, alama si mbaya, na sasa uko kwenye ukurasa wa KUCCPS ukipekua kozi kwa simu huku bando ikikaribia kuisha. Unapita udaktari, unapita ualimu, halafu macho yanatua kwenye Baiolojia ya Bahari na Uvuvi. Unavutiwa. Lakini ukiitaja tu mezani, mtu mzima mmoja anauliza: "Yaani tuuze ng'ombe ukasomee kuvua samaki? Na sisi ni watu wa milimani?"

Usimkasirikie. Swali lake lina mantiki. Karo ni jasho la watu, miaka minne ni mingi, na kila mtaa una kijana aliyehitimu kozi yenye jina tamu ambaye leo anaendesha bodaboda. Kwa hivyo hebu tulijibu vizuri: kozi za bahari zinafundisha nini, zinapatikana wapi, utafiti wenyewe unafanywaje, na hatimaye zinaweka ugali mezani au la.

Bahari inakuhusu hata ukiwa mlimani

Kutoka Voi hadi Mombasa ni takriban kilomita 150. Mboga za milima ya Taita huteremka hadi masoko ya Mombasa, na bomba lililojengwa miaka ya 1950 hupeleka maji ya chemchemi za Mzima, ndani ya kaunti yako, hadi mjini humo. Kwa hivyo Mpwani anayeoga asubuhi Mombasa huenda anaoga maji ya kwenu.

Maji mengine ya Mzima huingia Mto Tsavo. Mto huo ukikutana na Athi huwa Galana, na Galana ukikaribia Malindi huitwa Sabaki, kisha unamwagika baharini. Umewahi kuona Malindi wakati wa mvua, maji ya ufuoni yakiwa na rangi ya chai ya maziwa? Huo ni udongo uliosombwa kutoka mashamba ya bara, mbali kabisa na harufu ya chumvi.

Kusini kidogo ya hapo ni Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Hiyo na ya Watamu zilitengwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Ndani yake kuna matumbawe, na matumbawe yanahitaji maji yanayopitisha mwanga. Udongo ukizidi, unayafunika na kuyanyima mwanga huo. Mwanasayansi anayetaka kuyalinda hawezi kukaa ufuoni tu. Lazima aelewe mvua, miteremko, matuta na jinsi shamba linavyopoteza udongo. Sasa niambie, kati ya kijana aliyekulia kando ya hoteli ya ufuoni na wewe uliyekulia kwenye matuta ya Ronge, ni nani anayeujua mmomonyoko kwa macho yake?

Huo ndio mwanzo wa jibu la yule mtu mzima: kozi hizi hazikuundiwa wavuvi na watoto wa wavuvi pekee.

Usichanganye milango mitatu

Vijana wengi husema "marini" wakimaanisha mambo tofauti kabisa. Kuna milango mitatu, na kila mmoja una chumba chake.

Mlango wa kwanza ni sayansi ya bahari. Hapa unasoma viumbe, maji, mikoko, matumbawe, mawimbi na hali ya hewa. Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2013, hufundisha shahada ya baiolojia ya bahari na uvuvi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, kilichopata hati mwaka huo huo, kina shahada ya usimamizi wa rasilimali za bahari.

Mlango wa pili ni uvuvi na ufugaji wa samaki. Huu hauko Pwani pekee. Vyuo vikuu vya bara kama cha Eldoret na cha SEKU kule Kitui vina kozi za aina hii, maanake Kenya ina maziwa, mito na mabwawa pia.

Mlango wa tatu ni ubaharia: kuendesha meli, kuhudumia injini, kufanya kazi bandarini. Mahali panapotajwa sana ni Bandari Maritime Academy ya Mombasa, iliyopewa jina na hadhi hiyo mwaka 2018 baada ya kuwa chuo cha bandari kwa miaka mingi. Baharia anahitaji vyeti vya kimataifa vya usalama, na sekta hii inasimamiwa na Mamlaka ya Safari za Baharini, KMA. Akikujia mtu mtaani akidai atakupatia kazi ya meli ukimtumia "pesa ya fomu" kwa simu, muulize leseni yake ya KMA. Mawakala wa kuajiri mabaharia wanatakiwa kuwa nayo. Akianza kukuzungusha, hepa.

Makala haya yanahusu hasa mlango wa kwanza, kwa sababu ndio usioeleweka zaidi.

Kazi yenyewe ni kupima

Wengi huingia kozi hii wakiwa na picha ya kuogelea na pomboo. Pomboo utawaona siku moja moja. Siku nyingine zote utakuwa unapima.

Chukua mfano wa Gazi, kijiji kilichoko Kwale kusini mwa Diani. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Ulianza rasmi mwaka 2013 na kuwa wa kwanza duniani ambapo jamii inauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu wa mikoko. Eneo lenyewe ni hekta 117. Mwaka 2017 mradi huo ulishinda tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mapato yake yamesaidia mambo kama maji na shule. Mwaka 2019 ukafuata mradi mwingine wa aina hiyo huko Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania.

Sasa jiulize: mnunuzi aliye Ulaya anajuaje kwamba msitu wa Gazi umeficha kaboni kiasi fulani? Kuna mtu alizama kwenye tope akapima. Unaenda maji yakipwa. Unatandaza kamba, unaweka alama za miraba, unahesabu kila mti ndani ya mraba na kuutambua: huu mkoko, huu mchu, huu mkandaa, huu muia, huu mlilana. Unapima unene wa shina, kwa kawaida kwenye kimo cha mita 1.3, ila mkoko wenye mizizi ya magongo una utaratibu wake. Kisha unadidimiza bomba ardhini na kuchomoa tope, kwa sababu sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haiko kwenye majani, iko chini ya miguu yako. Tope hilo linapelekwa maabara, linakaushwa, linapimwa. Halafu unaketi na kompyuta ufanye hesabu. Kosa moja la kipimo, na jamii nzima inalipwa pungufu au mradi unakosa kuaminika.

Kazi hiyo ya Gazi imekuzwa na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, yenye makao makuu Mombasa na kituo kidogo hapo hapo Gazi. KMFRI ilianzishwa mwaka 1979. Leo ina hata meli ya utafiti, Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji.

Na kama hewa ya kaboni inakusikika kama mambo ya mbali, kumbuka Kasigau. Mradi wa msitu wa Kasigau, katika kaunti yako ya Taita Taveta, mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kupewa hati za kaboni zilizothibitishwa kwa kuzuia misitu isikatwe. Hesabu ya Kasigau na hesabu ya Gazi ni ndugu. Tofauti ni kwamba mmoja anapima miti ya nyika na mwingine anapima miti iliyosimama ndani ya maji ya chumvi.

Namba zinapofika mahakamani

Utafiti hauishii kwenye karatasi za wasomi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa athari za ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Kesi za namna hii huzua maswali magumu. Samaki walikuwa wangapi kabla ya kuchimbwa mkondo wa meli? Mikoko iliyokatwa ilikuwa ya ukubwa gani? Mvuvi alikuwa akitoa kilo ngapi kwa siku?

Mvuvi anajua majibu kwa uzoefu wake, lakini mahakama inataka kumbukumbu. Pale ambapo hakuna aliyehesabu mapema, mnyonge huwa na kazi kubwa ya kuthibitisha hasara yake. Kijana anayeketi kwenye bandari ndogo ya wavuvi akiandika kila asubuhi ni changu wangapi, tafi wangapi na pono wangapi walioshuka kwenye mashua, anafanya kazi inayoonekana ya kuchosha. Siku ya mgogoro, daftari lake ni silaha ya watu wasiokuwa na wakili wa bei.

Vivyo hivyo kwa joto la bahari. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipashwa joto kupita kiasi na El Niño, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya yakapauka na kufa. Tunajua ukubwa wa hasara hiyo kwa sababu kuna waliokuwa wameyahesabu kabla. Mwaka uliofuata, 1999, ndipo shirika la utafiti la CORDIO, ambalo lina ofisi Mombasa, lilipoanza kufuatilia matumbawe ya ukanda huu. Bila vipimo vya jana, huwezi kusema leo kumeharibika kiasi gani.

Una maabara nyumbani, ila hujaiita hivyo

Huhitaji kusubiri kufika Kilifi. Kaunti yako ina Ziwa Jipe na Ziwa Challa, yote mawili upande wa Taveta, mpakani na Tanzania. Jipe ina aina ya perege inayobeba jina la ziwa hilo hata katika jina lake la kisayansi, na ni miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka. Ziwa lenyewe linasumbuliwa na magugu na tope. Hayo ni matatizo yale yale utakayoyakuta baharini: udongo unaotoka mashambani, samaki wanaopungua, wavuvi wanaohangaika.

Challa nayo ni ajabu yake. Mwaka 2016 wanasayansi wa kimataifa walitoboa sakafu ya ziwa hilo na kuchomoa matabaka ya tope yaliyojilimbikiza kwa takriban miaka 250,000. Kila tabaka ni kama ukurasa wa daftari la hali ya hewa ya Afrika Mashariki: mwaka huu kulinyesha, karne ile ukame ulizidi. Watu walisafiri kutoka Ulaya kuja kusoma tope la Taveta. Wewe uko matatu moja au mbili kutoka hapo.

Ukijitolea hata wiki chache na kikundi cha wavuvi cha Jipe, ukajifunza kuandika mavuno yao, tayari una kitu cha kueleza kwenye barua ya maombi ambacho mwenzako wa Nairobi hana.

Sasa, kazi zipo?

Hapa tuambiane ukweli. Nafasi za serikali ni chache na hazitangazwi kila mwaka. KMFRI, Huduma ya Uvuvi, KWS kwenye hifadhi za bahari, NEMA, na idara za uvuvi za kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu huajiri, lakini foleni ni ndefu. Mashirika ya uhifadhi huajiri kwa mikataba inayofuata fedha za mradi: mradi ukiisha, nawe unasaka mwingine. Anayekuambia utatoka chuoni moja kwa moja hadi ofisi yenye kiyoyozi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Wanaopenya mara nyingi wana vitu vitatu juu ya shahada. Cha kwanza ni ujuzi wa data: takwimu, ramani za kompyuta, na programu za kuchanganua kama R, ambayo haina ada. Cha pili ni uzoefu wa nyanjani ulioanza mapema, kabla ya ile atachi ya lazima. Cha tatu ni kuweza kuongea na watu. Mradi wa bahari huanguka wavuvi wakiukataa, hata uwe na maprofesa kumi.

Kwenye hicho cha tatu kuna shule ambayo chuo hakifundishi vizuri. Mvuvi wa Pwani ana elimu yake. Anajua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji mafu yanayokuja katikati. Anajua kusi na kaskazi, na anajua samaki gani hufuata upepo upi. Ukifika pale na Kiingereza cha maabara, atakujibu "sawa mwanangu" na asikwambie lolote la maana. Ukifika ukaamkia "shikamoo", ukauliza na kunyamaza usikilize, utaondoka na data ambayo hakuna mashine ingekupa. Mtu wa Ronge aliyelelewa kuheshimu wazee wa kijiji anayo nusu ya ujuzi huu tayari. Nusu nyingine ni kujifunza maneno ya bahari.

Pia kuna njia ya kujiajiri. Kibuyuni, Kwale, kina mama hulima mwani na kuuza. Wengine hufuga kaa na samaki kwenye mabwawa kando ya mikoko. Kampuni zinazojenga ufuoni zinatakiwa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na wataalamu waliosajiliwa na NEMA hulipwa kwa kazi hiyo. Hakuna utajiri wa haraka hapo, lakini kuna riziki kwa mwenye ujuzi.

Pesa za kusomea na kutafitia

Kwa shahada ya kwanza, omba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB mapema, na usisahau basari ya kaunti na ya eneobunge. Piga hesabu ya malazi pia, si karo pekee. Kozi hii ina safari za nyanjani na atachi mara nyingi haina mshahara. Kama una jamaa Mombasa, Kilifi au Mtwapa, mwambie mapema kwamba huenda ukaomba kulala kwake miezi mitatu.

Ukifika kwenye utafiti wa uzamili, upeo unapanuka. Zanzibar kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978, ambako unaweza kusoma ukiwa bado kwenye pwani inayozungumza Kiswahili. Huko huko Zanzibar ndiko makao ya WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, iliyoanzishwa mwaka 1993. WIOMSA hutoa ruzuku za utafiti, zikiwemo za wanafunzi. Ubelgiji nayo ina shahada ya uzamili ya bahari na maziwa inayofundishwa kwa pamoja na vyuo vikuu vitatu, na kuna ufadhili ambao Wakenya wameunufaikia. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mtu aliyeanza kwa kuhesabu perege wa Jipe ana hoja nzito mbele ya waamuzi wa kozi yenye neno "maziwa" ndani yake.

Fanya haya kabla dirisha halijafungwa

Kama bado uko sekondari, shikilia baiolojia, kemia na hisabati, na usidharau jiografia. Kama umepata C+ kwenda juu, shahada iko wazi kwako, lakini angalia alama za masomo yanayotakiwa na kila chuo. Kama hukufika hapo, usijione umeisha: C- inafungua diploma, na kutoka diploma kuna waliopanda hadi uzamili.

Jifunze kuogelea. Hili linachekesha hadi siku mwalimu atakaposema mnaingia majini na wewe umeshikilia ukingo wa mashua. Ukiwa Mombasa likizoni, tafuta mtu wa kukufundisha maji yakiwa yametulia, na usiingie peke yako.

Panda treni au matatu uende Pwani siku moja kabla ya kuamua. Tembelea chuo, ongea na wanafunzi wa mwaka wa tatu, si maafisa wa mapokezi pekee. Waulize walipata atachi wapi, walilipa kodi kiasi gani, waliotangulia wako wapi leo. Majibu yao yatakusaidia kuliko picha za kwenye brosha.

Halafu rudi nyumbani ukaketi na yule mtu mzima aliyeuliza kuhusu ng'ombe. Mpe majibu kwa namba: karo ni hii, ufadhili ni huu, kazi ni hizi na uchache wake ni huu, mpango wangu wa mwaka wa kwanza hadi wa nne ndio huu. Akiona umepima mambo kabla ya kudai, huenda akakataa bado, huenda akakubali. Ila hatakuuliza tena kama unaenda kusomea kuvua samaki.